Mhariri, rudieni ile khichdi, dengu sio choroko

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wa gazeti lako wa siku nyingi, na ukurasa wa mapishi wa Jumapili ndo naanza nao kabla hata ya habari za mbele, kwahiyo barua hii naiandika kwa mapenzi kabisa, ila naandika nikiwa nimeumia. Jumapili iliyopita mlitoa pishi la khichdi ya Kihindi, yani mchele uliopikwa pamoja na nafaka ya jamii ya kunde, na mayai. Jioni yake jirani yangu kaja kunigongea, kashika sufuria kwa tambara, akaniambia dada, si wewe uliishi India, hebu njoo uangalie chakula chenu hiki, mbona wali umekuwa gundi alafu dengu ngumu kama kokoto. Nikafunua mfuniko. Wali umeyeyuka kweli, katikati zimekaa dengu nzima nzima, zile za kahawia, ukiitia jinoni moja inagoma, na juu yake mayai sita ya kuchemsha meupe pee, hayana hata chembe ya kiungo. Kamimina samli robo kopo humo. Watoto wake walikula mayai, vingine vyote vikabaki.

Nikamwambia alete gazeti. Nimesoma pishi lenu mara tatu nikihisi labda nimeruka mstari, sijaruka. Mmeandika dengu kikombe kimoja, mchele kikombe kimoja, chemsha pamoja dakika 20, weka manjano mwishoni, weka mayai yaliyochemshwa, tayari. Na juu kabisa mkaanza kwa kusema khichdi ni uji wa wali wanaopewa wagonjwa na wazee wasio na meno. Sasa mhariri, naomba unisikilize, maana huyu dada hakukosea kitu, kafuata gazeti neno kwa neno.

Nianze na hilo neno dengu kwasababu ndo limeharibu sufuria. Kwetu Tanzania ukimtuma mtu dengu atakuletea zile kubwa za kahawia, ndugu zake ndo zile nyeupe za makopo, ambazo usipoziloweka usiku kucha hata saa nzima jikoni hazilainiki. Mkenya ukimwambia ndengu atakuletea choroko za kijani na ganda lake. Khichdi haitaki hizo zote mbili. Khichdi inataka dali, yani nafaka ya jamii ya kunde iliyotolewa ganda ikapasuliwa katikati, na ile inayotumika zaidi ni choroko, ambayo ikishatolewa ganda inakuwa ya njano, bapa, ndogo kama punje ya mchele iliyonenepa. Wahindi wanaiita moong, Wabengali, watu wa mashariki mwa India, wanasema mug. Hii inaiva sambamba na mchele, ndo maana vinaweza kukaa sufuria moja toka mwanzo. Kuna wanaopikia adesi nyekundu, masoor, nayo inaiva haraka, na kuna wanaopikia mbaazi zilizopasuliwa, hizo zinataka kutangulia. Kwahiyo mngeandika tu "choroko za njano zilizopasuliwa", maneno manne, jirani yangu angekula.

Mi nilisoma Kolkata, mji wa hao Wabengali, kuanzia 2015 mpaka 2018. Nilipanga chumba cha juu kwenye nyumba ya mama mmoja mtu mzima, mjane, mimi nilimuita Mashima, ndo Kibengali cha mama mdogo, dada wa mama, na ndivyo wanavyowaita wanawake wa umri ule kwa heshima hata kama hamna undugu. Yeye aliniita "ma". Siku ya kwanza kuniita hivyo nilishtuka, maana ndivyo na sisi tunavyomuita mtoto wa kike mama, mama njoo, mama umekula, nikajiona niko nyumbani. Jiko lake lilikuwa dogo, watu wawili mkisimama mnagusana mabega, lina dirisha moja linaangalia uchochoro, karai nyeusi kabisa kwa kutumika (nao wanasema korai, neno ni lilelile) na presha kuka iliyobonyea ubavuni.

Khichdi ya Kolkata wanaiita khichuri na wanayo siku yake. Siku ya mvua. Masika ya kule yanaingia Juni yanakwenda mpaka Septemba, na ikinyesha inanyesha haswa, barabara zinajaa maji mpaka magotini, chuo hakiendeki, soko liko mbali, na ndani ya nyumba huwa hakukosi mchele, dali, viazi na mayai. Ukikaa dirishani asubuhi ya mvua kubwa unasikia harufu ileile inatoka nyumba baada ya nyumba, dali inakaangwa. Hakuna aliyempigia mwenzie simu kumwambia tupike khichuri leo. Mvua ndo imeshasema.

Na hapo ndo nataka kukaa kidogo mhariri, kwenye kukaanga dali, maana kwenye pishi lenu hakupo kabisa na bila hiyo unapata uji, hapo kweli mtakuwa mmesema sawa kuwa ni uji. Dali inakaangwa kavu. Haioshwi kwanza, haitiwi mafuta, inaingia kwenye karai kavu, moto wa wastani, na mwiko hautulii. Dakika mbili za mwanzo hakuna kinachotokea unaweza kudhani unapoteza muda. Kisha harufu inabadilika, mwanzo ni harufu ya vumbi vumbi la gunia, inakuwa kama karanga zinazochomwa, na punje moja moja zinaanza kupata rangi ya mdalasini mwepesi kwenye kingo wakati zingine bado njano. Mashima alikuwa haangalii saa, alikuwa anavuta pumzi tu. Mara moja nilisema bado, hazijapata rangi zote, akanyanyua karai pale pale akamwaga dali kwenye bakuli, akaniambia ma, karai ni ya moto bado itaendelea kuzikaanga, ukisubiri zote zikolee ujue nusu zimeungua. Zikishapoa ndo unaziosha, maji mawili, zinatoa povu la rangi ya chai.

Mchele wao wa khichuri nao sio mrefu. Hapo tena mmeandika basmati, na basmati haifai sana kwa hii, inakatika katika. Wabengali wanatumia gobindobhog, mchele mdogo mfupi mnene kidogo unaonukia kama maziwa, unashika dali vizuri bila kuwa gundi. Ukikosa huo tumia mchele wowote mfupi unaonukia. Kipimo cha Mashima ni kikombe kwa kikombe, dali sawa na mchele, wapo wanaoweka mchele mara mbili ya dali na hiyo ni khichdi pia, ila inakuwa imeelekea wali. Maji ya moto vikombe 5 ukitaka laini ya kumiminika kidogo, vikombe 4 ukitaka ile nzito inayosimama kwenye sahani, wenyewe wanaiita bhuna. Maji yawe ya moto, usitie ya baridi kwenye viungo vilivyokwisha kukaangwa, kila kitu kitasinzia.

Sasa mpangilio. Mafuta ya haradali yanawekwa kwenye karai mpaka yatoe moshi mwembamba, ule ukali wa puani unatoka, kisha unapunguza moto. Usipokuwa na ya haradali tumia mafuta ya kawaida, huhitaji moshi. Viazi vilivyokatwa nusu vinakaangwa kwanza na manjano na chumvi mpaka vipate ngozi, kama ni msimu wa koliflawa nayo, unatoa unaweka pembeni. Kwenye mafuta hayohayo jani kavu la kiungo linaloitwa tejpatta, pilipili kavu mbili, binzari nyembamba nzima kijiko cha chai, iliki, mdalasini, karafuu, ukisikia binzari imelia usiisubiri. Unatia tangawizi iliyosagwa, kijiko cha chakula kizima, usiionee huruma, manjano, binzari nyembamba ya unga, pilipili ya unga, na maji kijiko kimoja au viwili ili viungo visiungue, unakoroga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hiyo manjano mliyosema iwekwe mwishoni, mhariri, manjano mbichi ikiwekwa mwishoni inabaki na uchungu na harufu ya udongo, lazima ipite kwenye mafuta ya moto. Kisha mchele na dali vinaingia pamoja, vinakaangwa dakika 3 au 4, unasikia kwenye mwiko vinaanza kuwa vyepesi, hapo ndo maji ya moto, chumvi, na sukari kijiko kidogo cha chai. Sukari kweli. Wabengali wanaweka, haifanyi chakula kiwe kitamu cha sukari, inazungusha tu ukali wa tangawizi. Nyanya mi nawashauri msiweke mapema, uchachu unachelewesha dali kulainika, na yeye kwenye khichuri hakuweka kabisa, nyanya zake zilikaa kwenye mayai.

Kwenye presha kuka ni filimbi tatu, India kila pishi linahesabiwa kwa filimbi, utasikia wanaulizana kwa jirani ukutani, filimbi ngapi. Kwenye sufuria ya kawaida ni moto mdogo, umefunika, dakika 25 mpaka 30, na unapitisha mwiko chini mara moja moja kwasababu dali inapenda kushika. Viazi vinarudi katikati. Ukizima moto ndo samli, vijiko viwili vya chakula, na pilipili mbichi tatu zilizopasuliwa, funika dakika 5. Samli ya mwishoni ndo inanukia, ile ya mwanzoni imeshakufa kwenye moto. Kwenye mikoa mingine ya India hawamalizi hivyo, wanatia tadka, yani samli inachemshwa pembeni kwenye kikaango kidogo na binzari nyembamba, pilipili kavu, mvuje kidogo, wengine kitunguu saumu, inamiminwa juu ya sufuria ikiwa inalia. Vyovyote mnavyochagua, kimojawapo lazima kiwepo, nyie hamkuweka hata kimoja.

Tuje kwenye mayai, na haya ndo yamenikalisha niandike.

Mayai ya khichuri hayatupwi meupe juu ya wali. Yanachemshwa dakika 9, yanaingia maji baridi, yanamenywa, kisha kila yai linachanjwa kwa ncha ya kisu mistari mitatu au minne isiyofika kwenye kiini. Yanapakwa manjano, chumvi na pilipili ya unga, yanaachwa yakauke, ndo yanaingia kwenye mafuta. Mi mara ya kwanza niliachiwa jiko, Mashima kaenda kuchukua nguo zilizokuwa zinanyeshewa darini, nikayapaka viungo vizuri sana ila sikuyachanja, niliona yatapendeza yakiwa mazima. Yai la pili lilipasuka kwenye karai. Sio kupasuka kidogo, lililia kama puto, mafuta yakanirukia kwenye kiwiko cha mkono, mpaka leo nina alama ndogo ya mviringo hapo. Mashima aliteremka mbio, hakuuliza, kanishika mkono kauweka chini ya bomba akakaa nao hivyohivyo muda mrefu mpaka nikaacha kutetemeka, nguo za watu zimelowa darini, karai limezimwa. Baadae akanionyesha yai lililobaki akalichanja mbele yangu. Unyevu ulioko ndani ya yai ukipata joto unageuka mvuke, usipopata njia ya kutoka unajitengenezea mwenyewe. Na njia hiyohiyo inayotoa mvuke ndo inaingiza viungo. Kwahiyo pishi la mayai ya kukaanga likikosa mstari wa kuchanja ni pishi la hatari, naomba hili mlichukulie kwa uzito, watu wanapika na watoto miguuni.

Yakikaangwa vizuri ngozi ya yai inafanya malengelenge madogo ya dhahabu, inakuwa ngumu kidogo kama ngozi ya maziwa iliyokauka, unayatoa. Kwenye mafuta yaleyale vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vyembamba, na hapa hakuna njia ya mkato, dakika 12 mpaka 15 moto mdogo mpaka viwe rangi ya kahawa ya maziwa. Tangawizi na kitunguu saumu, nyanya moja iliyoiva sana, giligilani ya unga, binzari nyembamba ya unga, pilipili, chumvi, unakaangiza na kukaangiza, ikianza kushika unanyunyiza maji, ikikauka unanyunyiza tena, mpaka rojo liwe zito, limekolea, mafuta yanaonekana pembeni. Huko kukaangiza taratibu wanakuita kosha, na mayai yake yanaitwa dim kosha, dim ni yai. Mayai yanarudi, maji robo kikombe, unayageuza mpaka yavae, garam masala kidogo juu. Ukilikata nusu unaona viungo vimeingia kwenye ile mistari kama mizizi myekundu kwenye weupe. Linakaa pembeni ya khichuri kwenye sahani, sio ndani ya sufuria. Unamega yai, unachota na khichuri, vidole vitatu. Siku ya haraka wanakaanga omleti tu, kitunguu, pilipili mbichi, mafuta ya haradali, na hiyo nayo ni halali kabisa na khichuri, wengi wanaipenda kuliko hata kosha. Pembeni papadi, biringanya la kukaanga, achari.

Hilo la wagonjwa sikatai kwamba lipo. Khichdi nyeupe, dali mbichi isiyokaangwa, maji mengi, chumvi, manjano kiduchu, hiyo ndo India nzima wanampa mtu akiharisha au akitoka homa, na mtoto anayeanza kula. Mi mwenyewe nilipata homa ya tumbo mwaka wa pili, nikala hiyo siku sita, Mashima ananikalia mpaka nimalize bakuli, na naishukuru mpaka kesho. Ila ni pishi lingine linalotumia jina moja. Kumwambia msomaji kwamba khichdi ni chakula cha wagonjwa ni sawa na mtu aonje uji wa lishe wa mtoto alafu aandike kwamba mahindi ni chakula cha watoto.

Na chakula hiki kina heshima yake kwao. Tarehe 14 Januari, sikukuu ya Makar Sankranti, sehemu za majimbo ya Uttar Pradesh na Bihar sikukuu yenyewe wanaiita Khichdi, siku inaitwa jina la chakula. Watu wa Bihar wana msemo kwamba khichdi ina marafiki wanne, samli, papadi, mtindi na achari. Tamil Nadu wana pongal yao ya pilipili manga na korosho, Karnataka wana bisi bele bath yenye ukwaju, Wagujarati wanaila na mchuzi wa mtindi unaoitwa kadhi, Hyderabad wanaila asubuhi na nyama ya kusaga na mchuzi mchachu. Kwenye jiko la mfalme Akbar, mwishoni mwa karne ya 16, mwandishi wake Abul Fazl kaandika vipimo vya khichdi, mchele, dali na samli uzito sawasawa, yani samli inalingana na mchele, huyo hakuwa mgonjwa. Na kabla yake kuna Ibn Battuta, huyu tunamjua wote, ndo yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadae akiwa India akaandika kwamba wanapika choroko pamoja na mchele, wanakula na samli, wanaita kishri, na ndo kifungua kinywa chao cha kila siku. Choroko mhariri, karne ya 14, mtu aliyekanyaga pwani yetu kaandika choroko.

Mwaka 2017, tarehe 4 Novemba, walipika New Delhi sufuria moja ya kilo 918, mpishi Sanjeev Kapoor akiwa mbele, wakaingia rekodi ya Guinness. Tuliangalia kwenye tv na Mashima. Siku chache kabla watu walikuwa wanabishana kwamba serikali inataka kuitangaza chakula cha taifa, mpaka waziri Harsimrat Kaur Badal akatoka kusema hapana, ni kwa ajili ya rekodi tu. Mashima hakujali taifa, alikuwa anaangalia mwiko, anauliza chini haijashika kweli hiyo.

Kitu kingine ambacho lazima mrekebishe, mmeandika "mayai ndiyo kiungo cha asili cha khichdi nchini India". Sio kweli na kuna watu mtawaudhi. India kuna mamilioni ya watu hawali nyama wala mayai kwa imani yao, yai kule halihesabiki mboga, ndo maana pakiti za chakula zinawekwa alama, kijani ni ya mboga tupu na yenye yai haiwekwi kijani. Khichuri inayopikwa kwenye sherehe za miungu wa kike wa Kihindu, Durga na Saraswati, kule Kolkata haina yai, haina kitunguu, haina kitunguu saumu, inapikwa masufuria makubwa na mtu yeyote anayekuja anapewa, inaliwa na mchanganyiko wa mboga unaoitwa labra, na ladha yake nzuri mno nakwambia ukweli. Hata Mashima, kwa vile ni mjane wa kizamani, kuna siku zake yai hagusi, ananipikia mimi kwenye karai lingine, lake halichanganyi. Mayai na khichuri ni mambo ya nyumbani, ya siku ya mvua, ya Bengal hasa na kwa Waislamu wengi wa kule, muandike hivyo tu inatosha. Na hiyo khichdi yenye mayai ya kuchemsha ndani yake nadhani mmeitoa kwa Waingereza, hao ndo waliibeba khichdi enzi za ukoloni wakaiita kedgeree, wakatoa dali, wakaweka samaki wa moshi na mayai ya kuchemsha, wakawa wanakula asubuhi. Sio mbaya, ila sio hii.

Kuhusu lishe mmesema kweli, hapo nawapongeza, protini ina vijenzi vyake, mchele unapungukiwa na kile kinachoitwa laisini na dali inacho, dali inapungukiwa na methionini na mchele unayo, vikikaa sahani moja protini inakamilika, na yai linaongeza gramu kama 6 za protini na vitamini B12 ambayo kwenye nafaka haipo. Sahani kama hii inamshibisha mtu anayefanya kazi ya nguvu mchana kutwa. Ndo maana inaniuma ikiitwa uji.

Na hizo dakika 20 zenu mziondoe. Wahindi wana hadithi ya Birbal, waziri wa Akbar, aliyetundika chungu cha khichdi juu kabisa mbali na moto ili kumuonyesha mfalme kwamba joto la mbali halimpashi mtu, na mpaka leo kitu kikichelewa wanasema khichdi ya Birbal. Hii haihitaji kuchelewa hivyo, ila kwa kukaanga dali, kukaangiza vitunguu na kuiva kwenyewe, mpe msomaji wako saa moja kamili ajipange. Mtu akiambiwa dakika 20 anakuja kutoka kazini watoto wana njaa, anaruka hatua, kisha anaona kosa ni lake.

Ombi langu ni dogo. Jumapili ijayo mrudie pishi hili ukurasa uleule, na vipimo hivi, choroko za njano zilizopasuliwa kikombe 1 zikaangwe kavu, mchele mfupi kikombe 1, maji ya moto 4 au 5, mayai 6 yachanjwe kabla ya kukaangwa, manjano ipite kwenye mafuta, samli mwishoni. Picha mkikosa sio lazima. Jirani yangu nimemwambia asubiri, Jumamosi nakwenda kwake na karai langu, dali ninayo, nimeshamwambia yeye ndo atakaanga, mi nitasimama pembeni nimwambie ikianza kunukia.

Wako msomaji,
Mama wa ukurasa wa mapishi wa kila Jumapili